Haki za Machifu wa Rungwe Zilitoka Wapi?

Husemwa mara nyingi kwamba machifu wa Rungwe walikuwa watawala wa asili, na kwamba mkoloni aliyakuta mamlaka yao akayaheshimu. Wenye hoja hiyo hupenda kukitaja kitabu cha Monica Wilson, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Tukikisoma kwa makini, tunaona kwamba kitabu chenyewe kinawapinga.

Malafyale wa Wanyakyusa anayeelezwa humo hakutawala peke yake. Walikuwapo amafumu, wakuu wa vijiji, waliotoka katika watu wa kawaida wala si katika wana wa malafyale. Watu waliamini kwamba pumzi ya wanakijiji wenye hasira ilimdhuru mtawala mchoyo au mwonevu. Imani hiyo, kisiasa, ilikuwa udhibiti wa umma juu ya kiongozi. Tena, kwa desturi ya ubusoka, kizazi cha wazee kilikabidhi nchi kwa kizazi cha vijana.

Je, mambo yaligeuka vipi? Waingereza waliitwaa Tukuyu kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria ya utawala wa wenyeji. Chifu aliyetambuliwa alipata mshahara, baraza la kuhukumu, kazi ya kusimamia kodi, na uwezo wa kutoa amri. Tangu hapo wa kuogopwa alikuwa Bwana Shauri pale Boma, si pumzi ya wanakijiji.

Mbinu hiyo ni kongwe. Mwaka 1653 Friedrich Wilhelm wa Brandenburg alithibitisha haki za makabaila juu ya wakulima, naye akapata fedha za jeshi. Lakini makabaila wale walikuwa na mashamba yao na waliweza kujadiliana. Chifu wetu alikuwa na mshahara tu, na aliyempa aliweza kuukata.

Hapa ndipo penye kasoro ya kitabu. Utafiti wake ulifanyika kati ya 1934 na 1938, mfumo huo ukiwa umekwisha kuota mizizi. Ujirani mwema wa vijiji umeelezwa kwa kirefu, bali Boma limeachwa pembeni. Kwa hiyo msomaji asiye mwangalifu huchukua kazi ya mkoloni akaiita mila.

Madaraka ya machifu yalifutwa kwa sheria mwaka 1963. Siku hizi machifu wanatajwa tena kwa heshima, na kuheshimu mila si kosa. Kosa ni kuchanganya heshima na madaraka. Kada wa kata ya Bagamoyo, hapa Tukuyu, inampasa ajiulize: madaraka yangu nimepewa na nani, na nani anaweza kuninyang'anya? Ikiwa jibu la maswali yote mawili ni walio juu tu, basi yeye ni chifu wa 1926 aliyevaa sare ya Chama. Mwongozo wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wa namna hiyo, na karipio hilo halijachakaa.