Maandiko na Mwendo wa Dunia: Uhakiki wa Utangulizi wa Kepler

Mwaka 1609 Johannes Kepler alichapisha kitabu chake Astronomia nova. Wanasayansi hukikumbuka kwa sababu ndani yake alionyesha kwamba sayari ya Mirihi hulizunguka jua kwa njia ya duaradufu, wala si ya duara kamili. Sisi watumishi wa Neno tunayo sababu nyingine ya kukisoma. Katika utangulizi wake, Mlutheri huyu aliyesomea theolojia Tübingen kabla ya kupelekwa Graz mwaka 1594 kufundisha hisabati, anajibu swali ambalo halijaondoka katika sharika zetu: Mkristo anayekubali matokeo ya sayansi ayasomeje Maandiko? Makala haya yanakusudia kulipima jibu lake, tuone linatufikisha wapi na linatuachia wapi.

Ili kulielewa jibu hilo, yatupasa kukumbuka jibu lililolitangulia. Kitabu cha Nicolaus Copernicus kilipochapwa Nürnberg mwaka 1543, Andreas Osiander, mhubiri wa Kilutheri aliyesimamia uchapaji, alitia mwanzoni mwake dibaji isiyo na jina la mwandishi. Humo alieleza kwamba dhana za mwanafalaki si lazima ziwe kweli; yatosha hesabu zake zilingane na yale yanayoonekana angani. Nia yake ilikuwa kuepusha ugomvi. Hata hivyo, amani hiyo ilipatikana kwa kumfanya mwanasayansi aonekane hasemi neno lolote la kweli. Kepler aliikataa, akamtaja Osiander waziwazi kuwa ndiye mwandishi wa dibaji ile. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kupewa shauri linalofanana na hilo, pale Matthias Hafenreffer wa Tübingen alipomwandikia mwaka 1598 ashike hisabati yake na kuacha kuipatanisha na Maandiko.

Jibu la Kepler ni hili: Maandiko, yanapogusa mambo ya kawaida, hunena na wanadamu kwa namna ya wanadamu ili waelewe. Kusudi lake si kufundisha falaki. Hoja hii haipaswi kuwa ngeni kwa msemaji wa Kiswahili. Saa zetu huhesabiwa tangu jua kuchomoza, nasi husema jua limekuchwa. Mwalimu wa jiografia, akiisha kufundisha darasani kwamba ni dunia inayozunguka, hutoka nje na kusema vivyo hivyo, wala hakuna amwitaye mwongo. Luther naye, ambaye katika mihadhara yake juu ya Mwanzo alizishika siku sita kuwa siku halisi kinyume cha maoni ya Augustino, alikiri katika mihadhara hiyohiyo kwamba Roho Mtakatifu ana lugha yake na wanafalaki wana lugha yao.

Nguvu ya Kepler yaonekana zaidi katika Zaburi ya 104. Mstari wa 5, unaonena juu ya uthabiti wa nchi, ulitumiwa kupinga mwendo wa dunia. Kepler hamalizi kazi kwa kusema kwamba mstari huo ni wa kimafumbo. Anaisoma zaburi nzima, anaonyesha kwamba inafuata mpangilio wa siku sita za uumbaji, kisha anahitimisha kwamba mtunzi anamsifu Muumba kwa mambo ambayo kila mtu huyaona. Huu ni ufafanuzi wa kweli wa Maandiko: kwanza andiko lenyewe linaulizwa ni la namna gani na linakusudia nini, ndipo sayansi inaposikilizwa.

Katika Yoshua 10 amelegea. Anaeleza kwamba Yoshua alihitaji tu jua lionekane limesimama, na kwamba Mungu aliweza kumjibu kwa kuisimamisha dunia. Hapa amebadilisha kitu kinachosimama, lakini hakuliuliza andiko swali aliloiuliza zaburi. Mistari ya 12 na 13 ina mapigo ya utenzi, nayo yenyewe inakitaja Kitabu cha Yashari. Msomaji aliyejifunza kutoka Zaburi ya 104 angetazamia Kepler aanzie hapo.

Kasoro hii si ya Kepler peke yake. Mimbari zetu zinazijua njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kusema, "Hiyo ni nadharia tu," kana kwamba Osiander amefufuka. Ya pili ni kuliita fumbo kila andiko linalotutia aibu mbele ya wasomi. Ya kwanza inaidharau sayansi, ya pili inalidharau Neno, na zote mbili zinamwepusha mhubiri na kazi ya kusoma.

Gharama yake huwaangukia vijana. Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania hufundishwa juu ya fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, na juu ya nyayo za Laetoli zilizogunduliwa mwaka 1978, zenye umri wa miaka ipatayo milioni 3.6. Akimwuliza mchungaji wake habari za Adamu, ufunguo wa Kepler pekee hautafungua mlango huo. Mwendo wa jua haukubeba fundisho lolote la wokovu. Lakini Warumi 5 inamweka Adamu sambamba na Kristo. Kusema kwamba Biblia hunena kwa namna ya wanadamu ni kweli, ila hakutoshi.

Hata hivyo njia yake, si jibu lake, yatufaa. Mwanzo 1 inakataa hata kulitaja jua na mwezi kwa majina, mbele ya mataifa yaliyoviabudu. Andiko hilo latangaza Muumba mmoja, halipimi miaka. Jina Adamu katika Kiebrania ni neno lenye maana ya mtu. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 2, lataja anguko la Adamu, lakini uzito wake u katika hali yetu: tunazaliwa bila kumcha Mungu wala kumtumaini. Hakuna mfupa uliochimbwa Olduvai unaokanusha hayo.

Wako wanaohofu kwamba tukianza hivi tutaishia kuufanya ufufuo nao kuwa fumbo. Hofu hiyo ina heshima yake, lakini haina msingi. Katika 1 Wakorintho 15 Paulo anawataja mashahidi, na anasema kwamba wengi wao wangali hai. Andiko lenyewe linadai kuwa ushuhuda wa jambo lililotendeka, nasi twalipokea hivyo kwa kanuni ileile inayotufanya tuipokee zaburi kama sifa.

Kwa hiyo, ndugu wachungaji na wanafunzi, kijana ajapo na swali lake, tusimpe chaguo kati ya darasa na madhabahu. Tufungue kitabu pamoja naye, tumsomeshe sura nzima, na tumwulize kwanza: andiko hili linatwambia nini juu ya Mungu, na kwa lugha gani?