Namna ya Kuipima Kazi ya Fundi wa Rimu za Kromu

Ukitaka kujua kama fundi wa kusafisha rimu za kromu anaijua kazi yake, usianze na mng'ao. Hata rimu iliyoharibiwa hung'aa ikipakwa mafuta, na mng'ao huo unaisha kabla hujafika nyumbani. Tazama alichokiacha. Tabaka la kromu ni jembamba mno. Kwa kawaida halifiki nusu ya mikroni, yaani sehemu ya 2,000 ya milimita. Chini yake kuna nikeli ya mikroni 10 hadi 40, mara nyingi kuna shaba pia, ndipo unakuta chuma au alumini ya rimu yenyewe. Ule mng'ao wa kioo kwa kweli ni wa nikeli. Kromu inaulinda usififie na kuupa rangi ya samawati kwa mbali. Kazi nzuri ni ile inayoondoa uchafu peke yake.

Kabla ya kumwaga maji, fundi makini huitambua rimu. Zipo za alumini iliyosuguliwa tu, na zipo zilizopuliziwa metali kidogo kisha zikafunikwa kwa vanishi. Jaribio ni dogo: anaosha sehemu iliyojificha, anatia tone la polishi kwenye kitambaa cheupe na kusugua hapo. Alumini tupu hukifanya kitambaa kiwe cheusi tii, na ukirudia inatoa weusi tena. Kromu halisi iliyokwisha oshwa haitoi weusi huo. Ile yenye vanishi haiguswi na polishi ya metali kabisa. Huoshwa na kupakwa nta kama bodi ya gari.

Halafu tazama mikono yake. Gari likitoka barabarani, anaigusa rimu kwa mgongo wa kiganja kwanza, kwa sababu breki zimeipasha moto, na sabuni ikikaukia juu ya rimu ya moto huacha madoa. Ndoo ya rimu haiwi ndoo ya bodi. Vumbi la breki lina chembe za chuma, na kitambaa kilichobeba chembe hizo kitaichora rangi ya mlango bila huruma. Anaanza upande wa ndani, kule nyuma ya mikono ya rimu kusikoonekana, kwa brashi laini, na anamaliza gurudumu moja kabla ya kuhamia jingine.

Sasa lililo kubwa kuliko yote: anatumia dawa gani? Sehemu nyingi za kuoshea magari utakuta chupa isiyo na lebo, na ukimimina kidogo pua inawasha. Hiyo ni tindikali. Uchafu unatoka papo hapo, mwenye gari anafurahi. Lakini wapakaji wa kromu wanapotaka kuivua kromu ya zamani ili wapake mpya, hutumia tindikali ya hidrokloriki, ileile iliyomo katika dawa nyingi za kusafishia choo. Anayeisafisha rimu yako kwa dawa ya choo anaivua nguo. Kwangu mimi chupa hiyo inatosha kuondoka na gari langu. Maji mengi, sabuni ya maji isiyo kali na uvumilivu vinatosha kwa rimu inayooshwa mara kwa mara. Waya wa kusugulia sufuria na msasa havina nafasi hapo.

Kazi ikiisha, likague gari juani. Chuchumaa, tafuta ndani ya rimu taswira ya kitu kilichonyooka, kama nguzo ya umeme au ukingo wa paa. Mstari ukibaki mkali, uso ni mzima. Ukizungukwa na ukungu wa mikwaruzo midogo ya duara, kuna aliyesugua kwa kitu kikali. Ukiona umanjano mahali pamoja wakati kwingine kuna samawati, hiyo ni nikeli: kromu imekwisha hapo. Kisha pitisha kidole kwenye mashimo ya nati na kuzunguka vali. Huko ndiko fundi mvivu hukusahau, na maji yaliyobaki huko hutiririka gari likianza kwenda, yakachora michirizi. Dar es Salaam, ambako visima vingi vina maji ya chumvi, rimu isipokaushwa kwa kitambaa hubaki na madoa meupe.

Ukaaji wa pwani una adhabu yake. Kromu ina nyufa na vitundu visivyoonekana, na hewa ya bahari hupenya humo hadi kwenye chuma. Ndipo vinapotokea vidoa vya rangi ya chungwa, vidogo kama ncha ya sindano. Vikiwa bado vichanga, karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji, ikisuguliwa polepole, huviondoa bila kuikwaruza kromu, maana alumini ni laini kuliko kromu. Kitundu hakizibiki kwa hilo. Ndiyo maana nta lazima ifuate siku hiyohiyo, tabaka jembamba, na irudiwe kabla maji hayajaacha kujikusanya matone juu yake.

Kromu iliyoanza kubanduka haina polishi. Kingo zake zinakata vidole, na ikibanduka pale tairi linapokalia rimu, upepo huvuja kidogokidogo. Gurudumu likikulazimu kujaza upepo kila baada ya siku chache wakati hakuna msumari, mwambie fundi alivue tairi autazame ukingo huo.