Povu Si Ushahidi

Mtengeneza shampuu ya mitishamba husifiwa kwa harufu na povu. Mimi namsifu kwa kazi isiyoonekana na mnunuzi: kupima, kungoja, na kumwaga kilichoharibika.

Nyangezi, huko Walungu, kwenye barabara itokayo Bukavu kuelekea mteremko wa Ngomo na Kamanyola, kazi hii haihitaji malighafi ya mbali. Maganda ya ndizi hukaushwa, huchomwa, na majivu yake huchujwa kwa maji. Maji hayo yana potashi. Yakipikwa na mawese, hupatikana sabuni laini inayotoa povu zuri. Mwenye haraka angetia ute wa mshubiri, akajaza chupa, akaenda sokoni.

Fundi hutulia. Anajua kwamba ngozi ya kichwa ina asidi kidogo, pH karibu 5.5, ilhali sabuni hufika 9 au 10. Hapo magamba ya unywele huinuka, nywele zikakauka na kushikana. Akikosa karatasi za kupimia, huloweka maua mekundu ya hibiskusi katika maji moto: maji hayo huiva wekundu yakikutana na ndimu, na hugeuka kijani yakikutana na sabuni kali.

Mbona asikamulie ndimu ndani ya sabuni ili kupunguza ukali huo? Akijaribu, sabuni hukatika kama maziwa yaliyochacha na mafuta huelea juu, kwa kuwa asidi huivunja. Kosa hilo humfundisha kutenganisha: sabuni ya kuoshea peke yake, na maji yenye matone machache ya ndimu ya kusuuzia baadaye.

Mshubiri nao una masharti. Jani likikatwa husimamishwa kwanza hadi utomvu wa manjano utoke wote, maana huo huwasha ngozi. Ute ukishachanganywa na maji huoza upesi, hivyo fundi hupika kidogo na kuandika tarehe kwenye kila chupa. Kisha hupaka tone upande wa ndani wa kiwiko chake mwenyewe, akangoja siku 2. Ngozi ikiwaka, chungu kizima humwagwa, hata kama mawese yalinunuliwa kwa bei kali.

Wanaodhani cha asili hakidhuru watazame gome la mkwina ambalo kwa miaka mingi limegeuzwa kuwa kwinini pale Bukavu: limetoka mtini, lakini kipimo kikizidi, dawa hugeuka sumu. Mmea hauna huruma kwa asiyeupima.

Basi, mama na dada zangu, mkiuziwa chupa ya mitishamba, msidanganyike na povu. Ulizeni ilipikwa lini, na ilijaribiwa kwenye mkono wa nani. Fundi wa kweli hataudhika. Atakunja mikono ya shati na kuwaonyesha mkono wake.