Mafundi wa Kufungua Furushi

Mama akijifungua Mkata au Kabuku, wilayani Handeni, habari zake huandikwa kwanza kwa kalamu, katika kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mwezi ukiisha, mhudumu hukaa na kikokotoo akajumlisha: waliozaliwa hai, waliozaliwa wafu, waliopewa rufaa. Jumla hizo huingizwa kwenye DHIS2, mfumo ambao tangu 2013 ndio unaobeba takwimu za afya za wilaya zote za Tanzania Bara, Handeni na Korogwe zikiwamo. Mipango ya dawa, chanjo na wakunga huanzia hapo.

DHIS2 ni programu huria. Chuo Kikuu cha Oslo ndicho kinachoongoza ujenzi wake, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio walioiweka sawa kwa mazingira ya kwetu. Imeandikwa kwa Java, takwimu zake zinahifadhiwa kwenye PostgreSQL, na kwa kawaida seva yake huendeshwa na Linux. Kila kimoja kati ya hivyo huja na vifurushi vyake vya msimbo, na kila kifurushi kina vingine kinavyovitegemea, hadi vinafika mamia. Vingi viliandikwa na watu wa kujitolea ambao hawajapata kusikia jina la Handeni. Hao nawashukuru kwa dhati. Ila leo nataka kuwasifu wenzao wasiotajwa sana, yaani wale ambao kazi yao ni kufungua vifurushi hivyo, kuvichambua na kusema kama vinafaa kuaminiwa.

Mnunuzi wa mahindi anayeijua kazi yake hadanganywi na punje za juu ya gunia. Hudunga bambo hadi katikati, akamimina alichokitoa kiganjani, akanusa, akauma punje moja. Uchambuzi wa vifurushi unadai moyo wa namna hiyo, na huanza na jina. Mwaka 2017 mtu alipandisha kwenye npm, hifadhi ya vifurushi vya JavaScript, kifurushi alichokiita crossenv. Kifurushi halisi, kilichotumiwa na watu wengi, kinaitwa cross-env. Kistari kimoja tu ndicho kilichovitofautisha, na aliyeandika kwa haraka alijikuta nywila za seva yake zimeshatumwa kwa mwizi.

Jina likishakaa sawa, fundi bado hasakinishi. Hulipakua furushi na kulifungua kando, akaenda moja kwa moja kwenye faili la package.json kutafuta mstari wa postinstall. Mstari huo ukiwapo, umebeba amri inayojiendesha yenyewe mara tu kifurushi kinaposakinishwa, kabla mtu hajakitumia kwa lolote. Crossenv ilipita hapohapo. Fundi huisoma amri hiyo neno kwa neno, na akikuta msimbo umesokotwa makusudi usisomeke, kwake hilo ni jibu tosha.

Kisha huja swali la vilivyomo ndani ya vilivyomo. Desemba 2021 dunia nzima ilikesha kwa sababu ya Log4j, kifurushi cha Java kinachoandika kumbukumbu za matukio ya programu. Kilikutwa na udhaifu uliopewa alama 10 kati ya 10: mdukuzi alihitaji tu kutuma maneno fulani yaandikwe kwenye kumbukumbu, na seva ikaanza kumtii yeye. Shida kubwa ya wasimamizi wa mifumo ilikuwa kujua kama wanacho. Faili la jar lilikuwa na jar jingine ndani yake, na Log4j imejificha humo, haimo kwenye orodha yoyote. Waliolala mapema siku zile ni wale waliokuwa wameorodhesha kila kifurushi na toleo lake tangu zamani. Kwangu orodha ya namna hiyo, hata ikiwa kwenye daftari la ofisa TEHAMA wa halmashauri, ina thamani kuliko programu ya ulinzi ya bei ghali.

Alama zenyewe nazo zinataka kupimwa. Zipo zana zinazosoma kifurushi na kukipa maksi: kimesasishwa lini, kina watunzaji wangapi, mabadiliko yanapitiwa na nani. Zinasaidia, na fundi huzitumia. Lakini udhaifu wa alama 10 ulio katika sehemu ya msimbo isiyoitwa kamwe na mfumo wako unaweza kusubiri hadi Jumatatu, na wa alama 5 ulio kwenye seva inayoelekea intaneti usisubiri hata jioni. Tofauti hiyo huijua mtu anayeufahamu mfumo wake. Na upo uovu ambao maksi zingeupa sifa nzuri kabisa.

XZ Utils ni kifurushi kidogo cha kubana mafaili, kimo karibu katika kila Linux. Kwa miaka mingi kilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, bila malipo. Mwishoni mwa 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan akaanza kutuma marekebisho mazuri. Mwaka uliofuata majina mengine yasiyojulikana yakaanza kumlaumu Collin hadharani kwamba ni mzito, apishe wengine. Collin alijibu kwa upole kwamba afya yake ya akili imekuwa na matatizo kwa muda mrefu. Jia Tan akapewa madaraka. Februari 2024 lilitoka toleo 5.6.0 likiwa na mlango wa siri.

Mlango huo ulifichwa kwa ustadi wa kutisha. Msimbo mwovu ulikaa ndani ya mafaili ya majaribio, ambayo mengine hufanywa mabovu makusudi ili programu ijaribiwe nayo, kwa hiyo hakuna anayeyasoma. Faili la build-to-host.m4 lililouamsha halikuwamo katika ghala la msimbo ambalo kila mtu hulitazama. Lilikuwamo tu katika furushi lililofungwa tayari kwa kupakuliwa. Siku mbili baada ya toleo hilo Jia Tan aliongeza pia nukta moja, nukta tupu mwanzoni mwa mstari, ikavuruga jaribio dogo la ujenzi, na kinga moja ya XZ ikazimika kimyakimya.

Aliyeufichua ni Andres Freund, mmoja wa wajenzi wa PostgreSQL, ghala lilelile zinamokaa jumla za vitabu vyetu vya MTUHA. Alikuwa anapima kasi ya PostgreSQL na alitaka kompyuta yake itulie. Akaona kuingia kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kunachukua sekunde 0.807 badala ya 0.299. Nusu sekunde. Akakumbuka malalamiko ya chombo kimoja cha ukaguzi aliyoyaona wiki kadhaa nyuma, akayaunganisha, akaufuata uzi hadi kwenye XZ. Tarehe 29 Machi 2024, Ijumaa Kuu, aliwatangazia wenzake. Matoleo ya Linux yanayotumika kwenye seva za kazi yalikuwa hayajapokea XZ ile.

Watu husema ilikuwa bahati. Mimi sikubali. Bahati haimfanyi mtu akasirikie nusu sekunde, wala haimfanyi akumbuke onyo la wiki zilizopita. Hiyo ni tabia inayojengwa kwa miaka ya kutokubali jambo lisiloelezeka, na inafundishika. Kulinganisha furushi na ghala lake, faili kwa faili, ni amri ya diff tu, na kompyuta ya kawaida ya wilayani inaiweza. Ofisi ya wilaya haiwezi kukagua mamia ya vifurushi kwa namna hiyo. Inaweza kuanza na vile vinavyoelekea intaneti, na kuuliza kuhusu kila kimoja: anayekitunza ni nani, yuko na nani, na nani anamsukuma?

Collin, kwa upande wake, hakukimbia. Alirudi kwenye mradi, akaiondoa ile nukta, akayapitia mabadiliko yote aliyoyaacha Jia Tan. Mwishoni mwa Mei 2024 alitoa toleo 5.6.2, lililosafishwa.