"Kaa" si neno moja

Vitini vingi vya Kiswahili vya sekondari vina ule mfano maarufu: "kaa" ni neno moja lenye maana tatu, yaani kuketi, kipande cha mkaa, na yule mnyama wa majini anayetembea kiupandeupande. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, maisha yanaendelea. Shida ni kwamba hayo ni maneno matatu yaliyokutana njiani.

Ushahidi tunao mdomoni. Nyambua kitenzi "kaa" uone: kalia, kalisha, makalio. Hiyo l imetoka wapi? Haikuongezwa, ilikuwepo. Kiswahili kiliidondosha katikati ya irabu, kama kilivyofanya kwa "zaa", ambayo l yake inarudi kwenye "zaliwa".

Sasa tuangalie majirani. Kikuyu kinasema "ikara" kwa kukaa, lakini makaa ni "makara". Ile i ya mwanzo inaonyesha kwamba asili ni mbili. Kichewa, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kinasema "kukhala" na "makala", na kh hiyo hutamkwa kwa pumzi, kwa hiyo hakuna anayechanganya. Na kaa wa majini? Kizulu humwita "inkala". Huko kusini ndiko Wangoni walikoanzia safari yao karne ya 19 hadi wakafika hapa Songea.

Kamusi zetu zimelielewa hili, ndiyo maana huziweka kaa hizo mbalimbali kwa namba. Ila nyingi zinaishia kwenye namba, bila kusema kwa nini, na mwalimu akifungua anaona orodha tu.

Kinachonikera zaidi ni kinachorukwa. "Nakaa Bombambili", "chai ikae kidogo ipoe", "nguo imemkaa": hapo ndipo neno moja kweli limetanuka, kutoka kuketi hadi kuishi, kutulia na kufaa mwilini. Hiyo ndiyo polisemia. Vitini vinaiacha, halafu vinaipa jina hilo homonimia. Mtoto aliyeelewa anaweza kukosa alama kwa sababu ya mwongozo wa kusahihishia!

Swali bora lingekuwa hili: katika "nguo imemkaa", "nakaa Bombambili" na "makaa ya mawe ya Ngaka", ni wapi tunalo neno lilelile? Thibitisha kwa mnyambuliko.