Kovu la Papa na rangi ya kupuliza

Ba ndugu, leo siongelee mihogo.

Familia yetu ililipa mchoraji atengeneze sura ya marehemu Papa, kwa rangi, kutoka foto ndogo ya karte ya kazi. Alitumia aerografu, kile kichuma kama kalamu kinachopuliza rangi kwa upepo wa kompresere. Alimaliza kwa siku ine. Hakuna alama ya burashi hata moja, na wageni walisema: "Ni yeye kabisa!" Mama akaangalia muda mrefu, akauliza: "Na kovu yake iko wapi?"

Mu foto, kovu juu ya nyusi inaonekana. Mchoraji aliifuta ili kumpendeza.

Mutu aliyebeba pompi ya dawa mu shamba la nyanya atanielewa haraka. Ukisimama mbali, wingu linapanuka na kushuka kila mahali sawasawa. Ukikaribia bila kupunguza, dawa inatiririka. Aerografu ni vile vile: kazi rahisi kwayo ni ulaini. Vinyweleo, mikunjo, kovu, vyote vinadai ukaribie, upulize kidogo sana, uvumilie. Kwa hiyo uso laini si lazima uwe ufundi mkubwa. Mara nyingi ni pale mkono ulipoachia mashine.

Angalia "Mark" ya Mmarekani Chuck Close, ya 1978–1979, iliyoko Metropolitan Museum, New York. Nimeiona kwa telefone tu, na ina urefu wa mita 2,7, kwa hiyo nahukumu kwa adabu. Aliipuliza kwa rangi zinazopandana, nyekundu, bluu, njano, kama mashine ya kuchapisha inavyofanya. Ilimkamata miezi 14. Matokeo? Kila kinyweleo kiko, midomo imekauka, miwani inang'aa mwanga. Hakumpendeza rafiki yake hata kidogo, na ndiyo maana unaamini kwamba mutu huyu alikuwa mbele yake.

Mtasema Mark ni mzungu. Ndiyo, lakini kahawia yetu pia ina nyekundu, bluu na njano ndani yake. Kwa sura ya Papa, kivuli cha shavu kilipulizwa nyeusi tupu juu ya kahawia, ngozi ikawa majivu. Halafu, juu ya kurudisha uhai, paji la uso likapewa weupe ambao Papa hakuwa nao hata siku ya harusi. Hapo ndipo nilikasirika kuliko kwa kovu.

Sidai miezi 14, hakuna familia hapa itailipa. Na macho aliyapata, lazima niseme: yale macho ya kungoja jibu, tuliyoyaogopa wakati wa bulletin.

Picha imerudi kwake tangu Jumanne. Mama ameongeza foto ya pili, ile ambayo Papa anacheka na kovu inapanda juu.