Barabara Isiyo na Mwisho: Uhakiki wa Mchezo wa Motokaa katika Simu

Kila shindano lina vitu viwili visivyoachana: mahali pa kuanzia na mahali pa kukomea. Mkimbiaji hukimbia mpaka penye utepe, ngalawa hurudi pwani zilikotoka, na wachezaji wa bao hawainuki mpaka mmoja wao amekosa la kucheza. Kikomo ndicho kimpacho mshindi jina lake; pasipo kikomo hapana wa kwanza wala wa mwisho. Lakini katika simu za mkononi umeenea mchezo wa mbio za motokaa uliovunja kanuni hiyo. Barabara yake haikomi. Mchezaji huendesha mpaka aanguke, kisha huanza tena. Wala hapana dereva, hata awe hodari namna gani, awezaye kufika kwenye utepe, kwa kuwa utepe haupo.

Mchezo wa namna hii aghalabu hudharauliwa kuwa ni upuuzi wa kupotezea wakati. Huenda hukumu hiyo ni ya haki, lakini hukumu isiyotanguliwa na uchunguzi si uhakiki. Kitu kishikwacho mkononi katika foleni ya hospitali, ndani ya daladala na kitandani kabla ya usingizi, chastahili kuulizwa maswali yale yale yaulizwayo hadithi na utenzi: kimejengwaje, chasema nini, na chamtendea nini mwenye kukipokea?

Yafaa kufahamu kwanza kwamba motokaa za michezo hazikuzaliwa katika barabara isiyo na mwisho. Mwaka 1986 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa Out Run, mchezo uliobuniwa na Yu Suzuki kwa ajili ya mashine kubwa zilizochezwa kwa kutumbukiza sarafu. Dereva alipewa muda maalumu, akaongezewa kila alipopita kituo. Njia iligawanyika mbele yake naye akachagua kushoto au kulia, na mwishoni zilimngoja tamati tano, akipata moja kwa kadiri ya uchaguzi wake. Mashine ile ilikuwa na sababu ya kutaka safari iishe: maadamu dereva mmoja ameketi, sarafu ya mwingine haiingii. Simu haina watu waliopanga mstari nyuma yake. Mwenye simu ni mmoja, na faida ya mwenye mchezo haimo tena katika kumwondoa mchezaji kitini, bali katika kumweka. Basi kuondoka kwa kikomo hakukuwa shani ya ubunifu peke yake. Kulifuata mabadiliko ya biashara.

Mfano ulio bora wa aina hii ni Hill Climb Racing, uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya Fingersoft ya mji wa Oulu, Ufini, iliyoanzishwa na Toni Fingerroos. Ujenzi wake ni mwepesi kama wa kitendawili. Dereva mmoja, motokaa moja, milima na mabonde yaonekanayo kwa ubavu, na vikanyagio viwili chini ya kioo: cha breki na cha mafuta. Hapana usukani. Hapana mpinzani. Wepesi huo, hata hivyo, wadanganya. Motokaa iwapo hewani, mafuta huinua pua yake na breki huiinamisha. Hivyo vikanyagio viwili vyafanya kazi nne, na mkono usiojua wakati wa kuachia hupindua gari chali. Kichwa cha dereva kikigonga ardhi, shingo huvunjika na safari imekwisha. Mwenye pupa hafiki mbali. Mlima hupandwa kwa kupima, na mteremko hushukwa kwa kujizuia. Mtu aweza kusema kwamba mchezo huu wa mbio hufundisha zaidi kutokwenda mbio.

Lakini adui mkubwa wa dereva si mlima, ni petroli. Madebe yametawanywa njiani, na kadiri safari inavyoendelea, nafasi kati ya debe na debe huzidi kupanuka. Hapo ndipo penye ufundi wa kweli wa kazi hii. Barabara haina mwisho, ila safari ina mwisho, na mwisho huo husogea karibu kila dereva asogeapo mbele. Huku mbele yake mna anga, juu ya kioo mna kipimo cha mafuta kinachopungua. Mtungaji amekitoa kikomo ardhini akakitia ndani ya tangi. Mchezaji aonapo gari likipanda kilima cha mwisho kwa nguvu ya mwendo tu, tangi likiwa tupu na debe likionekana ng'ambo, moyo wake huwa katika hali ile ile ya msikilizaji wa hadithi aliyeshika pumzi. Kitu kiwezacho kuzaa hali hiyo kwa vikanyagio viwili hakiwezi kuitwa upuuzi mtupu.

Ubora wake huonekana zaidi ukilinganishwa na Traffic Racer, mchezo wa Soner Kara. Huko mchezaji huinamisha simu kulia na kushoto akapenya katikati ya magari ya njia kuu, na ajali moja humaliza safari. Lakini tuzo hupewa nani? Apitaye gari jingine kwa karibu mno akiwa amezidi kilomita 100 kwa saa; na katika barabara ya pande mbili, aendaye upande wa wanaokuja huongezewa. Hatari imefanywa bidhaa, na tahadhari ni hasara. Haifai kukata kauli kwamba mchezaji wa mchezo huo atakuwa dereva mbaya, maana mtu mzima hutofautisha kioo na lami. Ila mhakiki ana haki ya kuuliza kazi yasifu nini. Hill Climb Racing humlipa dereva kwa kujua uzito wa gari lake. Traffic Racer humlipa kwa kusahau kwamba ndani ya magari mengine mna watu.

Hata hivyo mchezo wa Ufini nao una dosari, na dosari hiyo haimo barabarani. Imo dukani. Njiani dereva huokota sarafu, na baada ya kuanguka huzitumia kununua injini yenye nguvu zaidi, springi bora na tairi zishikazo ardhi. Asiye na subira aweza kuzipata sarafu hizo kwa fedha halisi, na kati ya safari na safari matangazo ya biashara hupata nafasi yake. Matokeo yake ni kwamba ile tarakimu ya masafa, ambayo ndiyo kipimo pekee cha mchezo usio na utepe, haisemi kweli tupu. Jana dereva alikomea mahali fulani, leo amepapita. Je, mkono wake umekuwa hodari, au gari lake limekuwa tajiri? Mchezo haujibu, wala hauna haja ya kujibu, kwa sababu mchanganyiko huo ndio umvutao kurudi. Mcheza bao akishinda hana shaka kwamba ameshinda yeye. Kete 64 ni zile zile kwa tajiri na kwa maskini.

Johan Huizinga, mwanahistoria wa Kiholanzi, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938, alitia miongoni mwa sifa za mchezo ile ya kutengwa na maisha ya kila siku kwa mipaka ya wakati na ya mahali. Kwa kipimo hicho mbio hizi za simu si mchezo uliokosa mpaka kabisa, maana kila safari hufa kwa ajali au kwa kiu ya petroli. Kilichokosa mpaka ni kurudia. Mwenda omo na tezi marejeo ni ngamani: dereva huanguka, kidole hugusa kioo, na gari liko tena pale pale lilipoanzia, likinguruma kana kwamba halikutokea neno. Kuanguka hakumtengi mchezaji na mchezo hata kwa pumzi moja. Mauti yamekuwa mlango wa kuingilia.

Hapo fasihi ya Kiswahili ina la kusema. Msimulizi aliyeitikiwa "pakawa" hana budi kuwafikisha wasikilizaji mwisho, hata akarefusha njia namna gani. Na watunzi wengi wa tenzi za kale hawakuweka kalamu chini mpaka wamtaje mtunzi na idadi ya beti alizotunga. Hesabu ile haikuwa majivuno tu. Ilikuwa ni kufunga mlango kwa heshima, kusema kwamba kazi imetimia na msomaji yu huru kuondoka. Mchezo wa barabara isiyo na mwisho nao huandika hesabu kila mara, lakini hesabu yake haifungi kitu. Ni idadi ya beti za utenzi usiotimia, na kila idadi ni mwaliko wa kuivunja.

Basi kosa la mchezo huu si kwamba ni mdogo. Kitendawili ni kidogo, na methali ni ndogo zaidi. Wala si kosa kwamba hustarehesha; mtu aliyechoka ana haki ya kilima na debe la petroli. Kosa lake ni kumwachia mchezaji kazi ambayo kila mtungaji mwingine huifanya mwenyewe, yaani kazi ya kumaliza, huku duka na matangazo yakishindana naye asiimalize. Kwa hiyo ustadi wa juu kabisa katika Hill Climb Racing hauandikwi juu ya kioo. Ni ule wa dereva ambaye gari lake limekwisha pinduka, kidole chake ki tayari, naye akaweka simu chini akasema: imetosha. Ushindi huo mchezo haukuutungia utepe. Mchezaji hana budi kuutunga mwenyewe.